Bleu ana jina: namna ya kuzuia mateso ya wanafunzi wapya



Siku si nyingi vyuo vyetu vitafungua mwaka mpya. Mutawaona wakishuka kwenye pikipiki: godoro limekunjwa na kufungwa kamba, bido la njano, mfuko wa unga, na ndani ya bahasha diploma ya Leta ambayo mama ameifunga plastiki mara mbili. Huyo kijana hajui apariteri iko fasi gani. Hajui minervali inalipwa wapi. Anaogopa kuuliza, juu anaona kila mtu anapita haraka kama anayejua njia.

Na mara nyingi mtu wa kwanza kumsemesha atamwambia hivi: "Weye bleu, piga magoti!"

Nataka tuongee juu ya jambo hili kwa utulivu: limetoka wapi, kwa nini haliishi, na tufanye nini ili liishe. Siandiki kama mtu asiye na kosa. Nilipigishwa magoti, na mwaka uliofuata mimi mwenyewe nilipigisha wengine.

TUNAONGELEA NINI?

Kila mtu aliyesoma kwetu anajua maneno haya. Mwanafunzi mpya ni "bleu". Mkubwa wake ni "poil". Siku au majuma ya kumwingiza bleu ndani ya ukoo wa chuo ndiyo tunaita ubatizo wa mableu. Kuna michezo midogo: kupima urefu wa darasa kwa kijiti cha kiberiti, kusalimu mti kama vile ni rekta, kuimba mbele ya promosyo nzima. Mtu akicheka na wewe, na akiweza kusema "hapana, mimi sichezi" bila kuadhibiwa, huo ni mchezo kweli.

Lakini sisi tunajua hauishii pale. Bleu anatambaa kwenye matope na nguo yake moja nzuri. Anapiga magoti juu ya changarawe saa nzima. Ananyweshwa kitu asichokijua. Pesa yake inachukuliwa kwa jina la "kodi ya bleu". Msichana anapewa "parrain" ambaye hakumchagua, na usiku huyo parrain anagonga mlango. Hapo tumeshatoka kwenye mchezo zamani. Hapo ni mateso, ni wizi, na mara ingine ni ubakaji, hata kama wote wanaimba.

Kipimo changu ni rahisi: kitu usichoweza kumfanyia bleu mama yake akiwa amekaa pale kwenye kiti anatazama, usikifanye.

SI DESTURI YA WAZEE WETU

Kuna wanaosema: "Hata babu zetu walikuwa na mambo ya kuingiza vijana." Tuangalie vizuri.

Maneno yenyewe yanatuonyesha njia. Bleu na poil ni maneno ya wanafunzi wa Ubelgiji. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, mtoto wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Chuo rasmi cha Élisabethville kilifuata mwaka 1956. Pamoja na silabisi na mitihani, tulirithi pia michezo ya wanafunzi wa kule. Mwaka 1971 vyuo viliunganishwa kuwa UNAZA, mwaka 1981 vikaachana tena. Vitu vingi vilibadilika majina, lakini bleu alibaki bleu.

Sasa tuchukue mukanda, kambi ya tohara ya Walunda na Wachokwe kule kusini mwa nchi yetu. Ilikuwa ngumu, ndiyo. Lakini kila kijana alikuwa na mlezi wake, mtu mzima anayejulikana, anayemwangalia na kumtunza kidonda mpaka kipone. Mtoto alitoka pale na mafundisho kichwani. Ubatizo wetu wa chuoni hauna mlezi. Bleu akivunjika mkono, wote wanakimbia, na kesho hakuna aliyekuwapo. Kwa hiyo tusiwasingizie wazee.

KWA NINI HAUISHI?

Nilijiuliza swali hili kwa miaka, juu mimi mwenyewe nilikuwa sehemu ya jibu. Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni deni. "Shiye pia balitufanyaka vile." Umeumizwa, unataka kulipiza. Lakini aliyekuumiza ameshapita mbele, amemaliza, una hamu ya kulipiza na humpati. Basi unamlipiza yule aliye chini yako, ambaye hakukukosea kitu. Ni deni linalolipwa kwa mtu asiyehusika, na yeye atalihamisha mwaka ujao.

Ya pili ni ujanja wa akili zetu. Mwaka 1959 watafiti wawili wa Marekani, Elliot Aronson na Judson Mills, waliwachukua wanafunzi wasichana 63 waliotaka kujiunga na kikundi cha mazungumzo. Wengine waliingia bure, wengine kwa jaribio dogo, wengine kwa jaribio la kuwatia haya sana. Kisha wote walisikilizishwa mazungumzo yaleyale, yaliyotengenezwa makusudi yawe ya kuchosha. Waliotiwa haya sana njo waliyasifu zaidi. Kwa nini? Ni vigumu mtu kujiambia: "Nimeteseka kwa kitu kisicho na maana." Afadhali aseme kile kitu kilikuwa kizuri. Ndiyo maana poil anakuambia kwa moyo wote kwamba ubatizo ulimsaidia. Hadanganyi. Anajitetea nafsi yake.

Ya tatu ndiyo kubwa kwangu, na ndiyo iliyonifanya niandike. Ubatizo unaishi kwa sababu mara nyingi ni kitu pekee kinachomngoja bleu mlangoni. Chuo kinangoja bordero ya benki. Mapoil wanangoja mtu. Katikati ya matusi yale, bleu anaonyeshwa pia darasa liko wapi, asistanti gani ni mkali, chakula cha bei ndogo kinapatikana fasi gani, silabisi ya mwaka jana iko kwa nani. Anahitaji vitu hivyo kweli. Kwa hiyo anavumilia fimbo ili apate habari. Tukitaka fimbo ipotee, ni lazima habari zile zimfikie kwa mkono mwingine, na zimfikie kwanza.

"TUNAMKOMAZA TU"

Mimi ni mtu wa kilimo, muniruhusu nijibu neno hili kwa lugha ya kazi yangu.

Sisi pia tunakomaza. Mche wa kahawa unakaa kwenye kitalu miezi mingi, chini ya kivuli cha nyasi au mianzi. Hauwezi kuutoa pale na kuutupa juani siku moja. Majuma ya mwisho unapunguza kivuli kidogo kidogo, unapunguza maji kidogo kidogo, na kila asubuhi unapita kuangalia majani. Ukiona unalegea, unarudisha kivuli. Mvua ikishika vizuri, unauhamisha. Na hata ukifanya yote sawasawa, mche uliohamishwa utanyauka siku za kwanza, juu mizizi imeguswa. Hapo mkulima hasemi "mche huu ni mvivu". Anaupa maji na anangoja ushike.

Sijaona mkulima anayekomaza miche kwa kuikanyaga. Itakayobaki hai atasema ameikomaza, na itakayokufa hataihesabu. Ndivyo tunavyofanya na mableu: tunawahesabu waliobaki, tunasema "muliona, walikomaa". Waliorudi kijijini hatuwahesabu.

Na bleu ni mche uliohamishwa tayari. Ameacha nyumbani, analala na watu asiowajua, anasikia Kifaransa cha haraka cha profesere, anapika mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ugumu wa kumkomaza uko wa kutosha. Hauhitaji kuongezewa.

SHERIA INASEMA NINI?

Wengi wanadhani ndani ya chuo sheria ya nchi inasimama getini. Hapana.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 16, inasema binadamu ni kitu kitakatifu, na hakuna anayeweza kutendewa kwa ukatili au kwa namna ya kumshusha utu. Sheria ya makosa ya jinai, kifungu cha 46, inaadhibu kupiga na kujeruhi kwa makusudi: kifungo cha siku 8 hadi miezi 6. Kama jambo lilipangwa mbele, kifungo kinaweza kufika miaka 2. Na ubatizo unapangwa. Kuna mkutano, kuna orodha, kuna saa. Kwa mambo ya ngono kuna sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na unyanyasaji, na ile haijui neno "parrain".

Watu wanasema: "Lakini bleu mwenyewe alikubali." Ufaransa walilijibu jambo hilo kwenye sheria yao ya tarehe 17 Juni 1998: kumfanyisha mwanafunzi mambo ya kumdhalilisha ni kosa, atake asitake. Adhabu ni kifungo cha miezi 6 na faini ya euro 7500. Waliona kwamba mtu mmoja mgeni, mbele ya wakubwa ishirini, "ndiyo" yake haina uzito.

Na kule Ubelgiji, tulikotoa desturi hii, walilipa kwa damu. Desemba 2018, kijana Sanda Dia, mwenye miaka 20, mwanafunzi wa KU Leuven, alikuwa anaingizwa kwenye kikundi cha wanafunzi kinachoitwa Reuzegom. Alinyweshwa sosi ya samaki, akakalishwa kwenye shimo la maji baridi sana. Mwili ulipoa, chumvi ilizidi damuni, akafa. Naye alikuwa amekubali kuingia. Mei 2023 mahakama ya rufaa ya Antwerpen iliwatia hatiani wanachama 18: kazi za jamii za saa 200 hadi 300 na faini ya euro 400 kila mmoja. Watu wengi waliona adhabu ni ndogo. Mimi nafikiria zaidi kwamba wote walikuwa wanafunzi wazuri, watoto wa watu, na hakuna aliyeamka asubuhi ile akitaka kuua. Waliamka wakitaka kufuata desturi.

TUFANYE NINI?

Kupiga marufuku peke yake hakutoshi. Tangazo linabandikwa ukutani, ubatizo unahamia usiku nyuma ya homu, na sasa ni mbaya zaidi juu hakuna anayeona. Haya ndiyo naona yanaweza kusaidia.

1. Kuwa wa kwanza mlangoni. Kila fakilte ichague wanafunzi kumi au kumi na tano wa kupokea wageni siku za uandikishaji. Meza, viti viwili, karatasi moja: apariteri iko hapa, benki ni hii, horeri inabandikwa pale, maji yanatoka saa hizi, hospitali ni ile, nyumba za kupanga ziko huku. Swali la kwanza liwe: "Unaitwa nani?" Kisha mwite kwa jina hilo.

2. Kila mgeni apewe yaya wake. Orodha iandikwe, nakala moja ikae kwa doyen. Yaya asitoke kwenye promosyo iliyo juu yake moja kwa moja. Wale kidonda chao bado kibichi. Atoke kwenye miaka ya mwisho. Msichana apewe msichana. Kazi ya yaya ni ndogo: kuonana naye mara moja kwa juma, miezi miwili ya kwanza, na kumsaidia kupata silabisi na TP za zamani.

3. Pesa isipite mkononi. CP atangaze siku ya kwanza, mbele ya wote: bleu hadaiwi kodi yoyote na mwanafunzi yeyote. Anacholipa kinalipwa benki, na anabaki na bordero.

4. Sherehe ibaki, mchana na peupe. Sisemi tuache furaha. Tupange mechi ya mableu na mapoil, jioni ya nyimbo, siku ya kupanda miti au kufagia chuo pamoja, wakubwa na wadogo kwa jembe lilelile. Mtu akisema hapana, basi. Usiguse mwili wake, nguo zake, chakula chake wala pesa yake.

5. Mahali pa kushitaki pawe pawili. Kumwachia CP peke yake si sawa, juu mara ingine CP njo mwenye fimbo. Wawekwe watu wawili, mmoja awe mwanamke, namba zao zijulikane. Jina la mwenye kushitaki lisitoke nje. Kila kesi iandikwe kwenye daftari, na mwisho wa mwezi doyen aulizwe: imefika wapi?

6. Sahihi ya mzazi. Nchini India, baada ya kijana mmoja wa udaktari kufa kwa kupigwa na wakubwa wake mwaka 2009, serikali iliweka kanuni kwamba kila mwanafunzi na mzazi wake watie sahihi karatasi ya ahadi: sitatesa mgeni, na nikitesa najua adhabu. Kwetu karatasi hiyo inaweza kuongezwa kwenye faili ya uandikishaji bila gharama kubwa. Poil anayejua papa yake ametia sahihi atafikiri mara mbili.

KWA WEWE UNAYETAZAMA

Kwenye kila ubatizo wanaotesa ni wachache. Watano, sita. Wengine thelathini wanasimama kando wakicheka kidogo, juu wanaogopa kuonekana wajinga. Ndugu, hiyo mizani iko mkononi mwako. Huhitaji kupigana. Pita tu useme: "Huyu anaitwa apariteri, sasa hivi," umshike mkono na muondoke. Nimeona njia hii ikifanya kazi. Au simama karibu na uulize kwa sauti: "Huyu jina lake nani?" Utashangaa jinsi maneno hayo yanavyopoza fasi.

NA KWA WEWE BLEU

Usitembee peke yako usiku majuma ya kwanza. Usibebe minervali mfukoni. Lipa siku uliyofika. Kinywaji usichokiona kikifunguliwa, usikinywe. Ukiumizwa, andika siku ileile: tarehe, saa, mahali, waliokuwapo. Nenda hospitalini uombe karatasi ya daktari. Kama ni ubakaji, usioge wala kungoja kesho: kufika hospitalini kabla ya saa 72 kunaruhusu kupewa dawa za kuzuia ukimwi, na aibu si yako. Tafuta mtu mmoja mzima wa kumwambia. Ukinyamaza, wanajua wanaweza kurudia.

DENI LANGU

Mwaka wangu wa ubleu tulikuwa wawili chumbani. Mwenzangu alitoka mbali kuliko mimi. Mama yake aliuza mbuzi wawili kulipa sehemu ya kwanza ya minervali. Kwenye kemia alinizidi. Usiku njo yeye alinieleza hesabu za moli mpaka nikaelewa.

Jioni ya nne walituita. Tulipiga magoti juu ya changarawe. Mimi nilijua kuimba, nikawachekesha, wakaniachia mapema. Yeye alikuwa na aibu, hakuweza kuimba. Walimpa jina la mnyama, wakamfanya alie kama yule mnyama mbele ya wasichana, wakachukua dola 15 alizokuwa nazo za kula mwezi mzima. Nilikuwa pale. Sikusema kitu. Juma la pili niliamka asubuhi, godoro lake halikuwapo.

Mwaka uliofuata nilishika fimbo. Sitaeleza yote niliyofanya. Nilimpa kijana mmoja jina la mnyama, na watu walicheka.

Miaka ikapita, nikapata licence yangu, nikaanza kazi ya kuzunguka mashambani. Siku moja sokoni nilikuta mtu anauza vitunguu, vizuri, vimekaushwa sawasawa. Alikuwa ni yeye. Alinitambua mbele yangu. Tuliongea mambo ya mbegu, ya mbolea, ya bei. Anaelewa udongo kuliko wengi wenye diploma. Mwishoni niliomba msamaha, vibaya, kwa maneno yaliyogongana. Aliangalia vitunguu vyake, akasema pole pole: "Ile iliisha, yaya. Lakini unajua, hata jina langu habakuniuliza."

Kisha aliniongezea vitunguu vitatu juu ya kilo.

Wandugu wa chama chetu, siku ya kufungua mwaka mimi nitakuwa getini kwenye chuo kilicho karibu na kazi yangu, na daftari na kalamu. Kila mmoja wetu ana chuo kilicho karibu naye. Nusu siku inatosha. Andika chini hapa mji wako, tupangane.